Poda Juu ya Damu

Jino la tatu Koplo alilikuta chini ya gunia la kupigia, hatua sita kutoka pale maiti ilipolala. Akalichukua kwa koleo, akalitia kwenye kimfuko, akaandika namba.

"Afande, huyu kapigwa mpaka meno yamehama nyumba."

"Andika, usitunge mashairi," Inspekta alimjibu. Alikuwa amechuchumaa kando ya maiti, sketi ameibana magotini, kalamu ameishika kwa meno.

Marehemu, mpigapicha, alilala kifudifudi nyuma ya stendi ya kamera, shavu moja juu ya godoro la mazoezi. Pigo la kwanza lilimpata nyuma ya sikio la kulia, na hilo ndilo lililomwangusha. Mengine sita yalimfuata pale chini: taya, shingo, mbavu, na vidole vya mkono aliojaribu kujikinga nao. Vidole viwili vilikuwa vimepinda kwenda kusikotakiwa. Fimbo iliyofanya kazi hiyo ilitupwa kando yake. Ilikuwa ya mti mgumu, urefu wa mtu mzima, imezungushiwa utepe mwekundu katikati. Utepe huo ulikuwa alama ya msichana wa miaka kumi na sita ambaye ukumbi mzima wa karate ulimwita Nyigu.

Na Nyigu alikuwa kituoni tayari. Ameshakiri.

"Nilimpiga. Nilikasirika. Nilimpiga." Maneno hayo tu, kisha akafunga mdomo. Mkuu wa kituo aliyapenda kwa sababu yaliingia kwenye karatasi moja. Gari la mahabusu lilikuwa linaondoka saa tisa alasiri, na sasa ilikuwa saa sita kasoro robo.

Kila kitu mle ukumbini kilikuwa cheupe. Poda ilitanda juu ya magodoro, juu ya stendi, juu ya fulana ya marehemu. Inspekta alipitisha kidole hewani bila kugusa.

"Hii ya nini, Mwalimu?"

Mwalimu alikuwa ameketi kwenye benchi, taulo shingoni, mgongo umenyooka kama anasubiri kupigwa picha naye. Miaka hamsini hivi, mwembamba, mikono imekauka kama kamba.

"Poda ya watoto, Afande. Tunaipaka kwenye gunia. Kijana akipiga, inalipuka kama moshi, picha inatoka kama ya radi. Bila poda, pigo halionekani. Mtu atadhani kijana anasukuma mlango." Akatabasamu kidogo, akakumbuka maiti, akaliondoa tabasamu. "Tuna maonyesho mwezi ujao. Tulikuwa tunapiga picha za tangazo. Vijana kumi na wawili, tangu saa moja asubuhi. Nyigu alikuwa wa mwisho, wenzake walishaondoka."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Saa nne na dakika tano nilivuka barabara kununua maji. Mwulize muuza duka, nilikaa pale nikipiga naye soga. Ikafika saa nne na robo nikasikia yowe la Nyigu. Nikakimbia. Nikakuta hivi."

Koplo alikuwa amekwisha kumwuliza muuza duka. Maneno yalilingana dakika kwa dakika.

"Fungueni hiyo kamera, mtaikuta picha," Mwalimu aliongeza. "Saa imeandikwa."

Inspekta alivaa glavu akaiwasha. Picha ya mwisho ilikuwa namba 361, saa nne na dakika kumi na mbili. Nyigu yuko hewani, miguu imekunjwa, fimbo imezama kwenye gunia, na wingu jeupe limepasuka kumzunguka. Picha nzuri ya kutisha.

"Kwa hiyo saa nne na dakika kumi na mbili alikuwa hai bado," Mwalimu alisema taratibu. "Mimi niko dukani. Binti ana hasira, Afande, hata jina lake linasema. Nilimwonya mara ngapi! Lakini ni mtoto. Mwoneeni huruma."

Inspekta alibonyeza kitufe. Alirudi picha moja nyuma. Kutoka namba 361 kamera iliruka mpaka 318, mvulana mwingine, saa tatu na dakika hamsini. Akaandika kwenye daftari: *319 mpaka 360 ziko wapi?* Kisha akaigeuza kamera kuitazama mgongoni. Ukiacha vitufe vilivyobonyezwa, poda ilikuwa imetanda kote kule nyuma, sawasawa, kama vumbi kwenye kabati lisilofunguliwa. Hata kwenye mpira laini wa kidirisha cha kuchungulia, pale mtu anapobandika jicho, ilikuwa imekaa. Aliitazama kwa muda mrefu. Hakujua inamwambia nini, lakini akamwamuru Koplo aipige picha kabla haijaguswa zaidi.

"Unapiga picha kamera?" Koplo aliuliza.

"Piga."

*

Koplo alikuwa na mshukiwa wake. Aliueleza ushahidi wote garini, akiendesha kwa mkono mmoja.

"Mke wa marehemu, Afande. Majirani wamesikia leo alfajiri. Kasema hivi: 'Ukiniletea tena hizo picha, hiyo kamera naivunjia kichwani mwako.' Na mtu kafa kwa nini? Kwa kichwa."

"Kwa fimbo."

"Fimbo, kamera, mwiko. Mke akikasirika hachagui."

"Wako huwa anachukua nini?"

Koplo alishika usukani kwa mikono miwili.

Nyumbani kwa mpigapicha walipokewa na ndugu wa mkewe, ambao habari zilishawafika. Mke mwenyewe alikuwa amekaa mbele ya kompyuta kwenye chumba cha mbele, studio yao, khanga kichwani, macho makavu. Mtoto mchanga alilala kwenye kapu chini ya meza, karibu na mguu wake.

"Pole sana, dada," Inspekta alisema akivuta kiti. "Nitakuuliza jambo gumu."

"Nimeshaambiwa majirani wamesema. Kweli nilisema. Na angerudi leo ningesema tena, alimradi arudi."

"Picha zipi hizo?"

Mwanamke aliifungua kompyuta. "Sisi tuligawana kazi. Yeye anapiga, mimi nasafisha. Chunusi, jasho, uzi uliochomoza, natoa. Mwalimu alituagiza toka mwanzo: madoa yote yafutwe. Nikasema sawa, ni karate, watoto wanagongana. Nimefuta miezi minane. Mpaka juzi nilipoivuta hii karibu."

Ilikuwa picha ya mvulana akirusha teke. Suruali ilikuwa imepanda, na nyuma ya mguu, chini ya goti, palikuwa na mistari miwili ya zambarau, imekwenda pamoja kama reli, katikati ngozi safi.

Inspekta aliinama. Mistari ya namna hiyo aliijua kutoka meza za hospitali. Fimbo ya mviringo ikimpata mtu kwa nguvu, damu hukimbilia pembeni na kuacha njia nyeupe katikati.

"Mazoezini mtu hukinga kwa mbele," alisema. "Haya yako nyuma."

"Nyuma ya miguu. Nyuma ya mikono. Aliyepigwa alikuwa amegeuka, au kaambiwa ageuke." Mwanamke alibonyeza, na picha zikapita: mguu, mkono, mguu, shingo. "Watoto tisa kati ya kumi na wawili. Mwenye nyingi kuliko wote ni huyu binti mwenye utepe mwekundu. Zote nimezifuta mimi, kwa mkono wangu huu. Nilimwambia mume wangu sifuti tena. Ndiyo tukagombana. Mwisho akasema, 'Mke wangu, leo nazipiga za mwisho, kisha namwambia usoni, halafu mimi na wewe tunakwenda polisi.' Akaondoka hata chai hakunywa."

Koplo, aliyekuwa mlangoni, alivua kofia.

"Kwenye kamera yake, huwa anafuta picha mle mle ndani?" Inspekta aliuliza.

"Yeye? Thubutu! Alikuwa akisema kufuta picha kwenye kamera ni kung'oa jino barabarani. Anakuja nazo zote, mbovu na nzima."

"Na siku za poda?"

Hapo ndipo mwanamke alipocheka, na kicheko kikamgeukia kikawa kilio. "Siku za poda alirudi kama kinyago. Uso mzima mweupe, isipokuwa duara jeusi kwenye jicho la kulia, lile analobandika kwenye kamera. Huyu mtoto alimlilia siku ya kwanza, hakumjua baba yake."

Inspekta alisimama ghafla, kiti kikaanguka. Mtoto akashtuka kapuni.

"Koplo. Ile picha ya mgongo wa kamera. Jicho la mtu lingekuwa pale, poda ingekaaje kwenye ule mpira?"

Koplo alivaa kofia yake upesi.

Inspekta alikuwa amekwisha kumpigia daktari wa maiti. "Daktari, marehemu ana poda usoni?"

"Shavu lililotazama juu, ndiyo. Tena imeshikana na damu."

"Damu juu ya poda, au poda juu ya damu?"

Ikasikika sauti ya maji yakimwagika kwenye karai. "Poda iko juu, mama. Damu ilitangulia."

"Alikufa pale pale?"

"Hapana. Alivuta pumzi kwa dakika kadhaa, damu iliingia mapafuni. Tatu, nne, pengine zaidi."

Inspekta alikata simu. Kabla ya kuondoka alimwomba mwanamke amchapishie picha sita, zile ambazo hazijasafishwa.

*

Saa nane na nusu. Kwenye benchi la kituoni mama yake Nyigu, fundi cherehani, aliketi na utepe wa kupimia bado shingoni kama alivyotolewa kazini. Mwalimu alikuwa kando yake, akimsemesha kwa upole.

"Nataka niwe naye ndani, Afande," Mwalimu alisema akisimama. "Mimi ni kama baba yake."

Koplo alianza kukataa. Inspekta akamkata: "Aingie. Mama pia aingie. Wewe kaa mlangoni."

Chumba kilikuwa na meza moja, viti vinne na dirisha la nondo. Nyigu alikuwa ameketi, mavazi meupe ya mazoezi bado mwilini, poda kwenye nyusi. Mama yake alipoingia hakuinuka. Mwalimu alipoingia aliruka wima, mikono ubavuni, akainama mpaka kichwa kikakaribia meza.

"Kaa," Mwalimu alisema. Akakaa.

Inspekta aliifungua ile karatasi moja. "Umesema ulimpiga. Lini, kabla ya picha ya mwisho au baada yake?"

"Baada."

"Picha aliipiga nani?"

"Mpigapicha."

"Kamera ilikuwa wapi, mkononi au kwenye stendi?"

Msichana alimtazama Mwalimu. "Stendi."

"Jicho lake lilikuwa kwenye kamera?"

"Ndiyo."

Inspekta hakubishana. Aligeuza ukurasa wa daftari, akauliza kama mtu anayetaka tu kujaza nafasi: "Kwa ile picha moja, ulipiga gunia mara ngapi?"

"Arobaini na tatu."

Jibu lilitoka kabla kope hazijagongana. Kwenye ule ukumbi kila pigo linahesabiwa moyoni, na kijana akiulizwa namba akasita, hupewa fimbo moja kwa kila namba aliyoisahau. Nyigu hakuwa mtu wa kusahau. Kitini kwake Mwalimu aligeuka kumtazama.

"Arobaini na tatu," Inspekta aliandika. "Kwenye kamera picha zilizokosekana ni arobaini na mbili. Na iliyobaki moja. Hesabu yako safi sana, mwanangu. Kamera ilikuwa inalia kila baada ya muda gani?"

Msichana alitazama tena upande wa Mwalimu.

"Mimi nitakusaidia. Kila sekunde kumi. Kuanzia saa nne na dakika tano, arobaini na tatu zinakufikisha saa nne na dakika kumi na mbili, wala haizidi. Mtu akiiwekea kamera ipige yenyewe anaweza kuvuka barabara, akanunua maji, akapiga soga. Akirudi anafuta mbaya zote, anaacha moja nzuri. Na nyuma ya kamera hakuna jicho la mtu. Poda imekaa mpaka kwenye kidirisha cha kuchungulia. Tena imekaa juu ya damu ya marehemu: gunia lilipigwa yeye akiwa tayari chini."

"Afande unatunga," Mwalimu alisema. "Mtoto amekiri."

Inspekta akaziweka picha mezani, moja moja, kama anayegawa karata. Ya sita ilikuwa ya Nyigu: mikono juu, mikono ya nguo imeteleza, na nyuma ya mikono reli juu ya reli, za zamani za manjano, mpya za zambarau.

Mama alivuta ile picha. Aliisogeza karibu na macho kama anayetafuta mshono uliofumuka.

"Uliniambia ulianguka," alisema. "Ulisema nikushonee mikono mirefu, nguo fupi zinakubana. Nikashona. Mama yako nikashona!"

"Nyigu," Mwalimu alisema. Hakupandisha sauti. "Inuka. Inama."

Msichana akainuka. Mgongo wake ukaanza kukunjika.

"Kaa, mwanangu," Inspekta alisema. "Hapa hakuna wa kuinamiwa."

Akabaki katikati, hajainama hajakaa. Kisha maneno yakamtoka yakielekea mezani.

"Alikuwa bado anapumua."

Inspekta aliweka kalamu chini.

"Walikuwa wanabishana. Mpigapicha akasema anakwenda polisi, akageuka kuchukua mkoba. Mwalimu akaninyang'anya fimbo. Alipoanguka akawa anampiga tu, anampiga tu, kama anatwanga. Kisha akanitupia fimbo, akaniambia simama kwenye alama. Ikilia, piga. Ukikosa moja, mdogo wako Jumatatu anaanza mazoezi kwangu, na yeye ndiye atalipa." Machozi yalichora mifereji kwenye poda ya mashavu. "Nikapiga. Mpigapicha yuko pale chini ananikoromea. Nahesabu, naye anakoroma. Kwenye ya ishirini na sita akanyamaza. Nikaendelea kuhe..."

Mwalimu aliruka juu ya meza bila kugusa kiti.

Kiganja chake kilikwenda kooni kwa msichana. Inspekta aliingiza mkono wake katikati, na mfupa wa chini ya kiwiko ukavunjika kwa mlio wa kijiti cha kuni. Pigo la pili lilimpata Nyigu usoni, likambamiza ukutani, damu ikamtoka puani ikapaka rangi mavazi meupe. La tatu halikufika. Mama alikuwa amepanda kitini nyuma yake, ameuvua utepe wa kupimia, ameuzungusha shingoni mwa Mwalimu mara mbili, na sasa ananing'inia kwa uzito wake wote.

"Mikono mirefu!" alikuwa akipiga kelele. "Mikono mirefu!"

Mwalimu alimtupia kiwiko cha mbavu. Hakuachia. Alimtupia cha pili. Hakuachia. Uso wa Mwalimu ulibadilika rangi, magoti yakakunjika, na Koplo akaingia na kiti cha mbao, akakivunjia mapajani mwa Mwalimu bila kuuliza ruhusa ya mtu. Kisha akamlalia kwa goti, akamfunga pingu, akahangaika dakika nzima kuvifungua vidole vya mama kimoja kimoja.

"Mama, inatosha. Mama, tunamhitaji mahakamani akiwa hai. Achia, mama yangu."

Aliachia. Alianguka chini akikohoa, mkono ubavuni.

Saa tisa kamili gari la mahabusu lilipiga honi uani. Inspekta, mkono wa kulia umefungwa kwenye kipande cha ule ule mgongo wa kiti, aliandika kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa zilizopinda kama za mtoto wa darasa la kwanza. Akaichana ile karatasi ya kukiri mpaka katikati, akaibandika kwenye faili pamoja na maelezo mapya, akampa Koplo.

"Gari lisirudi tupu," alisema.

Koplo alimwinua Mwalimu kwa ukosi. Walipopita mbele ya Nyigu, Mwalimu alisimama akamkazia macho, akingoja. Msichana alimtazama. Alifuta damu ya pua kwa kiganja, akabaki wima. Koplo akamsukuma mtu wake nje.

"Afande," Nyigu alisema mlango ulipofungwa. "Ningeacha kupiga nikamsaidia... angepona?"

Inspekta alikaa pembeni ya meza. Angeweza kusema hapana, na hakuna ambaye angemsuta.

"Sijui, mwanangu. Daktari hajui pia. Ninachokijua ni nani alipiga, na nani alikusimamisha pale. Yote mawili ni mtu mmoja. Hilo nitalisema mbele ya hakimu, na wewe utalisema. Mke wa mpigapicha pia atakuwepo. Atataka kukusikia."

"Atanichukia."

"Muulize mwenyewe. Nimeongea naye leo, sidhani."

Mama alikuwa amesimama, ameshika ukuta. Alimkaribia mwanawe, akainua mikono miwili kumkumbatia, na mikono ikasita hewani. Iliinuka begani ikashuka, ikaenda kwenye mkono wa juu ikarudi, ikaelekea mgongoni ikakoma. Kila pahali palikuwa na picha.

Nyigu alimngoja kidogo. Kisha akaushika mkono mmoja wa mama yake, akautembeza mwenyewe, taratibu, mpaka nyuma ya kichwa, kwenye kisogo.

"Hapa," alisema. "Hapa hapaumi."